Uzoefu wangu na albamu ya Fripp na Eno: gitaa moja, mashine mbili

Mara ya kwanza nilidhani simu imeharibika. Niliiweka mezani, nikafungulia (No Pussyfooting), albamu ya mpiga gitaa Robert Fripp na mwanamuziki mwenzake Brian Eno ya mwaka 1973, na kilichotoka ni mlio mmoja mrefu kama wa friji kuukuu. Dakika mbili zikapita, hamna ngoma, hamna mwimbaji. Nikazima.

Kosa lilikuwa la kile kispika cha simu. Siku chache baadaye nilivaa hedifoni, nikazima taa, nikalala chali na kuanza upya. Kumbe mlio haukuwa mmoja. Chini yake ulikuwepo mwingine, na chini ya huo mwingine tena, kila mmoja umechakaa kidogo kuliko wa juu yake. Kisha gitaa la Fripp likaanza kupanda juu ya hiyo yote, bila papara.

Siri yake ni mashine mbili za kurekodia kanda, Revox A77, zikiwa zimewekwa ubavu kwa ubavu. Utepe unapita kwenye mashine ya kwanza, inayonasa sauti, halafu unavuka hadi ya pili, inayoisikizisha. Sauti hiyo inarudishwa kwenye ya kwanza na kunaswa upya pamoja na noti mpya. Kwa hiyo Fripp akigusa waya sasa, sekunde chache baadaye anajisikia mwenyewe, kisha tena na tena, mpaka sauti inafifia. Ukizisogeza mashine mbali, mwangwi nao unachelewa zaidi. Eno ndiye anayeushika mzunguko huo: kipi kiongezwe, kipi kiachwe kife.

Upande wa kwanza wa santuri, “The Heavenly Music Corporation”, ulirekodiwa nyumbani kwa Eno, London, Septemba 1972. Ni kama dakika 21 na hakukuwa na wimbo ulioandikwa. Utamsikia Fripp akipapasa. Anatupa noti, anaingoja irudi, ndipo anaamua aijibu au aipishe. Hapo ndipo waliponipata. Mpiga gitaa akiachiwa uwanja peke yake huwa anajaza kila pengo. Huyu hathubutu, maana lolote atakaloropoka litamrudia masikioni mara kumi.

Upande wa pili, “Swastika Girls”, sina hamu nao. Jina lenyewe, lenye alama ya Wanazi ndani yake, linanikera, na sijaona linahusiana vipi na muziki uliomo. Ulirekodiwa studio mwaka uliofuata: sinthesaiza, kile kinanda cha umeme, inachakarika, gitaa linaparamia juu yake, kila kitu kinataka kuzungumza kwa wakati mmoja. Nikifika dakika ya kumi naruka.

Kuna wanaousifia muziki huu kuwa wa kulalia. Labda wana usingizi mzito. Gitaa lina makwaruzo, na kuna mahali linakereza kama msumeno kwenye mbao mbichi. Ukija hapa baada ya kuzoea Music for Airports, kazi laini ya Eno ya mwaka 1978, utashtuka. Sauti usiipunguze sana pia. Ukiibana, zile tabaka za chini zinapotea na unabaki na friji lako.

Kama unatafuta toleo, mimi ninalo la mwaka 2008. Ndani yake kuna pande zote mbili zikichezwa kinyumenyume, na ule wa kwanza pia kwa nusu ya kasi. Hiyo ya kinyumenyume ina kisa chake: John Peel, mtangazaji wa BBC, aliwahi kuirusha hewani hivyo hivyo bila kujua. Nilipolisoma hilo nilicheka, nikajiuliza mtu anakosaje kugundua. Juzi nikawa nakunja nguo, albamu inajichezea yenyewe, nikasema moyoni: leo Fripp ametulia kweli, kapiga vizuri kuliko siku zote. Robo saa nzima. Nilipoishika simu niongeze sauti, nikaona jina kwenye kioo. Ilikuwa ile ya kinyumenyume.