Fitingi za kubana za poli paipu: PN16 iliyoandikwa mwilini ina maana gani

Ni zile fitingi nyeusi zenye nati ya bluu, kuanzia milimita 20 hadi 110: soketi, elbo, tii na adapta za uzi. Hazitaki moto wala gundi, na ukikosea unafungua na kurudishia. Kwa laini ya kutoka mita ya maji hadi kwenye tenki, au ya umwagiliaji shambani, ni vifaa vizuri sana. Shida ni ile PN16 iliyochorwa mwilini, ambayo wanunuzi wengi huichukua kuwa ni nguvu ya laini nzima.

PN16 ni shinikizo la bar 16 kwa maji ya nyuzi joto 20, yaani kimo cha maji cha mita 160 hivi. Joto likipanda, plastiki hulegea. Bomba la HDPE (plastiki ya poli paipu) kwenye nyuzi 30 hubaki na 0.87 ya uwezo wake, na kwenye nyuzi 40 hubaki na 0.74. Hapo PN16 imeshuka hadi bar 11.8, na PN10 hadi bar 7.4. Fitingi yenyewe ni ya polipropilini, nayo joto haliiachi salama. Bomba jeusi lililolala juani mchana huvuka nyuzi 40 bila taabu, kwa hiyo lifukie. Maji ya hita usiyapitishe humu kabisa.

Angalia pia bomba unalolifunga. Kwa milimita 32, bomba la PE100 (daraja moja la HDPE) la PN16 lina ukuta wa milimita 3.0, na la PN10 lina milimita 2.0. Fitingi inayabana yote mawili vizuri vilevile, ila bar 16 zipo kwenye moja tu. Na kuanzia milimita 75 fitingi nyingi za aina hii ni PN10, ingawa umbo na rangi ni zilezile. Soma kila moja kabla ya kulipa.

Ukifunga tenki kwenye mnara wa mita 6, fitingi inabeba bar 0.6 tu, hata ya hali ya chini itavumilia. Pampu ya kisima ni habari nyingine. Pampu inayosukuma mita 90 ikiwa kazini inaweza kufika mita 120 au zaidi vavu ikifungwa, na hiyo ni bar 12 au zaidi. Tena kuna kishindo cha maji: maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde ndani ya HDPE ya PN16 yakisimamishwa ghafla huongeza karibu bar 3 juu ya zilizopo. Mwendo ukiwa mara mbili, kishindo nacho mara mbili. Piga hesabu kwa pampu ikisukuma vavu ikiwa imefungwa, ongeza kishindo, kisha linganisha na bar zinazobaki kwenye joto la kwako.

Panapopasuka mara nyingi ni kwenye adapta ya uzi wa ndani, ile mafundi wanaiita fimeli. Nipeli ya chuma, kile kipande kifupi cha bomba chenye uzi, ina uzi uliochongoka, kwa hiyo kila mzunguko unaingia kama kabari na kutanua mdomo wa plastiki. Ukiongeza tepu nyingi, au katani inayovimba ikilowa, ufa mwembamba kama unywele unaanzia mdomoni na kushuka chini. Unaweza usivuje siku ya kwanza, ukaanza kudondosha pampu ikiwaka. Chagua yenye pete ya chuma cha pua iliyovishwa mdomoni. Bora zaidi, geuza: uzi wa nje uwe wa plastiki, wa ndani uwe wa chuma. Kaza kwa mkono, kisha ongeza kidogo tu kwa spana.

Kwenye ufungaji, kata bomba kwa pembe mraba, si mshazari, na uchonge ukingo kwa nje, maana ukingo mkali hukata oringi (pete ya mpira iliyo ndani ya fitingi) au kuikunja. Pitisha kidole pale oringi itakapokaa: mkwaruzo wa urefu unaousikia kwa ukucha utapitisha maji hata ukikaza hadi nati ilie. Pima kina cha fitingi, weka alama kwenye bomba, lilainishe kwa maji ya sabuni, kamwe si grisi wala oili. Sukuma. Kuna ugumu wa kwanza kwenye oringi, na wengi huishia hapo. Bomba likiwa halijaipita, maji yatalisukuma nje. Endelea hadi alama ifike, ndipo ukaze nati.

Jaribu kabla ya kufukia. Toa hewa yote, pandisha hadi mara 1.5 ya shinikizo la kazi, kwa mfano bar 9 kwa laini ya bar 6, bila kuacha maji yapate moto juani. Sindano ya geji ya shinikizo itashuka mwanzoni hata pasipo uvujaji, kwa sababu HDPE hutanuka taratibu ikibeba shinikizo. Pandisha tena, subiri, urudie. Mshuko unaopungua kila mara ni bomba linalojinyoosha. Usiopungua una kiungio kinachovuja, na anza kukitafuta kwenye zile fimeli.