Miezi sita na Linux Mint kwenye steshenari yangu

Nina steshenari karibu na lango la chuo hapa Morogoro. Kompyuta tatu, printa ndogo, na mashine moja ya fotokopi inayoskani pia. Kazi zetu ni ripoti za fildi, CV, maombi ya ajira, picha za pasipoti, na ukifika msimu wa harusi, kadi za mwaliko. Nimeanza na hayo ili anayesoma ajue nilipo. Mwenye kompyuta ya kuangalia filamu nyumbani anaweza kuona tofauti kabisa na mimi.

Tarehe 14 Oktoba 2025 ndiyo siku Windows 10 ilipofikia mwisho wa matunzo yake ya kawaida, yaani marekebisho ya usalama kutoka Microsoft. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha 8. Zangu ni kizazi cha 4. Wala hazijachoka, zinapiga kazi asubuhi hadi saa mbili usiku. Fundi aliniambia zipo njia za kuilazimisha Windows 11 iingie hivyo hivyo, nikakataa. Kazi za watu siwezi kuziweka juu ya kitu kilichoingizwa kwa nguvu. Tukakubaliana anipigie Linux Mint toleo la 22, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwenye kompyuta mbili. Ni bure, na toleo hilo linatunzwa hadi 2029.

Wiki ya kwanza niliisifia Mint kwa kila aliyepita dukani. Kompyuta iliyokuwa inawaka huku mimi nafagia duka zima, sasa ilikuwa tayari kabla sijamaliza kufungua madirisha. Nilisahau jambo moja: siku ile ile fundi alikuwa ametoa diski za zamani na kuweka SSD, diski za kisasa zenye kasi zaidi. Baadaye nikanunua SSD nyingine kwa ile ya tatu, iliyobaki na Windows 10, na yenyewe ikawaka karibu kwa kasi ile ile. Basi kasi nikaifuta kwenye hesabu zangu. Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo hutajua kipi kimekusaidia, na sifa nyingi za mfumo mpya ninazozisikia kwa watu zina mkanganyiko huu.

Idadi ya waliouchukua nayo hainishawishi. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007, Microsoft walitangaza leseni zaidi ya milioni 20 kwa mwezi wa kwanza. Kompyuta mpya zilikuwa zinakuja nayo tayari, utaikataaje? Lakini wengi walirudi Windows XP, ile iliyoitangulia, mara tu walipopata mtu wa kuwarudishia. Kwangu hapo ndipo penye swali: mtu akipewa nafasi ya kurudi, anarudi?

Kwa hiyo nilianza kuhesabu kitu kingine, mara ngapi binti anayenisaidia ananiita. Mwanzoni ilikuwa kila baada ya dakika chache. “Dada, hii imehifadhi wapi?” “Dada, mbona flashi haitoki?” Mwezi wa tatu nilienda msibani Kilosa siku mbili, duka nikamwachia. Alinipigia simu mara moja tu, na ilikuwa ni habari ya wino.

Kilichonifanya niipende kweli ni flashi za wanafunzi. Wanaojua kazi hii wanaujua ule ugonjwa: unachomeka flashi, folda zote zimegeuka njia za mkato, ukibofya ndiyo kirusi kinahamia kwako. Kuna kijana alikuja jioni, ripoti inatakiwa kesho yake asubuhi, jasho linamtoka. “Dada, mafaili yangu yote yamepotea.” Binti akaichomeka kwenye Mint. Njia za mkato zilikuwepo, lakini kando yake folda zake halisi nazo zilionekana, maana alama ya kuficha ambayo kirusi huweka kwa ajili ya Windows haikuzificha huku. Na kirusi chenyewe kimetengenezwa kwa Windows, hakikuwa na pa kuishi. Tukainakili ripoti kwenye flashi safi, tukaprinti, tukabaindi. Yule kijana alishindwa hata kuongea, alibaki ameshika ile ripoti kifuani. Tangu siku hiyo flashi yoyote inayoingia dukani inaanzia hapo.

Printa ndogo ilitambulika yenyewe. Mashine ya fotokopi iliprinti vizuri ila ikagoma kuskani, na kwa wiki mbili tulikuwa tunaskani kwenye flashi kisha tunahamisha, huku foleni inanung’unika. Baadaye fundi alipata kwa watengenezaji wake draiva ya Linux, programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na mashine.

Nyaraka za Word zilinipa somo kubwa zaidi. LibreOffice, programu ya ofisi tunayotumia kwenye Mint badala ya Word, haina mwandiko wa Times New Roman yenyewe, inaweka Liberation Serif, ambayo herufi zake zimepimwa upana ule ule ili mistari isihame. Kwa barua na CV huoni tofauti. Lakini ripoti moja yenye majedwali mengi ilitoka na kurasa 51 badala ya 48, na ukurasa wa yaliyomo ukawa unaelekeza kusiko. Mwanafunzi aliigundua akiwa bado dukani, nashukuru Mungu. Sasa kazi yoyote ya mwisho naomba iletwe kwa PDF.

Kadi za harusi ndizo zilizonizuia kuhamisha ile kompyuta ya tatu. Violezo vyangu vya miaka yote nilivitengeneza kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kadi na vipeperushi. Huku vinafunguka, lakini maua yanakwenda upande wake na majina ya maharusi upande wake. Kompyuta hiyo bado ina Windows 10 na nimeichomoa kwenye intaneti. Publisher yenyewe Microsoft wanaiondoa Oktoba 2026, kwa hiyo naanza kuzichora kadi upya, moja baada ya nyingine.

Kinachoniuma ni lugha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Leo binti yangu huyu, mwenye akili nyepesi kama wembe, menyu za Kiingereza anazikariri kwa mahali zilipo. Natamani siku moja azisome.

Wiki iliyopita fundi alipita akaniambia, nikitaka, ananirudishia Windows kwenye zile mbili bila malipo. Nikamwambia anayezitumia si mimi, amuulize mwenyewe. Binti alikuwa anatoboa karatasi za kubaindi, wala hakugeuka. “Ya nini tena, kaka? Niwekee hiyo hiyo na kwenye ile ya kadi, dada akimaliza kuchora.”

Nimebakiza violezo kumi na viwili.