Uzoefu wangu: programu ya kusomea tamthilia, nimeijaribu kwa Antigone

Naipa nyota nne. Unachagua mhusika mmoja, maneno yake yanabaki na rangi, ya wengine yanafifia. Nimeisomea Antigone, tanzia ya Sophocles, mwandishi wa Ugiriki ya kale, na jambo ambalo kwenye kitabu nilikuwa nalihisi tu sasa naliona: jina la tamthilia ni la binti, lakini mwenye kuongea zaidi ni mjomba wake, mfalme Creon. Antigone anatoka jukwaani karibu na mstari wa 940, na mistari yote inazidi 1,350. Creon ndiye anayebaki akisema hadi mwisho, wakati hana tena wa kumwamuru.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kuwasha rangi za wahusika wawili kwa pamoja. Nenda moja kwa moja kwenye onyesho la Creon na mwanawe Haemon. Baba anatoa hotuba ya mistari arobaini na kitu, korasi, yaani kundi la waimbaji, inatia neno fupi, mwana anajibu kwa hotuba yenye urefu karibu uleule. Kila mmoja amemsikiliza mwenzake mpaka akamaliza. Halafu ghafla hotuba zinakatika, wanaanza kujibizana mstari kwa mstari, na rangi zinapishana haraka hadi Haemon anapotoka kwa hasira. Heshima kati ya baba na mwana inavunjika pale pale kwenye skrini, hata kabla hujayatafakari maneno yenyewe. Na yote haya enzi hizo waliyabeba waigizaji watatu waliokuwa wakibadilisha barakoa. Ukiiacha korasi, huwakuti wahusika wanne wakizungumza katika onyesho moja.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya Eurydice, mke wa Creon. Ana mistari 9 tu, basi chati ya programu inamtupa chini kabisa kama mtu asiye na uzito. Lakini mama huyu anamsikiliza mjumbe akisimulia kifo cha mwanawe, kisha anaingia ndani bila kusema lolote, na kimya hicho kinawatia hofu mjumbe na korasi. Programu haina alama yoyote ya kuonyesha kwamba mtu yupo jukwaani na amenyamaza. Naiomba sana timu yao iiongeze. Pia watenganishe nyimbo za korasi na maneno ya kiongozi wake, maana sasa vyote vina rangi moja.

Kwa anayefundisha au kuongoza maigizo, ipakue.