Wasichana wakaidi na bibi wachawi: ununue riwaya ipi kwanza?

Ukiwa na pesa za kitabu kimoja tu, chukua The First Woman ya Jennifer Nansubuga Makumbi (2020). Kirabo, msichana wa kijijini Uganda enzi za Idi Amin, hamjui mamake mzazi. Anamwendea kisiri Nsuuta, bibi kipofu anayeitwa mchawi na kijiji kizima. Hirizi hapewi, anasimuliwa habari za wanawake wa kwanza, na ghafla ule ukaidi wake hauonekani tena kama ugonjwa. Uhasama wa Nsuuta na nyanyake Kirabo, marafiki wa zamani, ndio utamu wenyewe. Tahadhari: Marekani kitabu hikihiki kinaitwa A Girl Is a Body of Water. Usiagize vyote viwili ukadhani ni hadithi mbili.

Cha pili ni The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber (2021). Aisha wa Mombasa anaingia baharini kumtafuta babake mvuvi, chombo chenyewe ni mifupa, na mwenzake ni paka anayeongea. Ukitaka mchawi hasa, hapa hayupo; kuna madude ya bahari, na nyumbani kuna bibi anayetaka mjukuu aolewe. Kisomwe polepole. Mpenda mbio kitamshinda.

I, Tituba ya Maryse Condé (Kifaransa 1986, Kiingereza 1992) nakiweka cha tatu, ingawa kwa hasira hakina mpinzani: mtumwa wa Barbados anayefunzwa mitishamba, kisha anashtakiwa kwa uchawi huko Salem, Marekani, mwaka 1692. Kinaanza na ubakaji, kwa hivyo usimpe mtoto.

Wa miaka 12 mnunulie Akata Witch ya Nnedi Okorafor (2011), ambayo Nigeria ilitoka kwa jina What Sunny Saw in the Flames. Kwa umri huo hicho ndicho namba moja.

Kabla ya kwenda maduka ya vitabu ya Nairobi, Prestige pale Mama Ngina Street au Text Book Centre, piga simu uulize kwa jina la mwandishi, maana majina ya vitabu yanachanganya. Kwa wauzaji wa kuinama, wanaopanga vitabu chini barabarani, linganisha ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) ya jalada la nyuma na ya ukurasa wa haki za uchapishaji: tarakimu zilingane zote. Kisha kifungue katikati hadi kilale. Nakala ya wizi, iliyochapwa bila ruhusa, mara nyingi gundi yake huachia hapo, na maandishi ya upande wa ndani huwa yamemezwa na mshono.