Miaka mitatu Paisley: uzoefu wangu wa kupanga Charleston

Huu mwaka wa tatu naishi Paisley, Scotland, mtaa wa Charleston, ghorofa ile ya mawe ya zamani, ngazi moja tunatumia familia nane. Nilikuja huku sababu kodi ya Glasgow ilinishinda, na kutoka stesheni ya Gilmour Street treni inakufikisha Glasgow Central kama robo saa hivi, so shifti zangu hazijaathirika.

Kilichonimaliza ni baridi ya ndani. Dari liko juu utadhani msikiti, hita inawaka bili inapanda na bado umevaa soksi mbili mbili, halafu ukuta wa chumbani ukaota ukungu mweusi, mwenye nyumba nimemwambia Oktoba kaja kupaka rangi Machi, wiki tatu tu ukungu huo umerudi. Ukienda kuangalia nyumba huku achana na jiko, sogeza kabati, weka kiganja kwenye ukuta wa nje, nusa. Mimi niliona dirisha kubwa nikasaini.

Desemba saa kumi kasoro jioni ni giza, Juni saa nne usiku bado kweupe na mtoto hataki kulala. Ila mtoto huyo huyo anapanda basi bure, chini ya miaka 22 wote wana kadi, hiyo imeniokoa hela aisee. Maduka ya High Street mengi yamefungwa, unga wa sembe nafuata Glasgow.

Sasa majirani. Bibi wa chini alifanya kazi kiwanda cha nyuzi cha Anchor, kilifungwa miaka ya 90, jengo moja siku hizi ni makazi ya watu. Mwanzoni alikuwa ananiita hen nikanuna, yaani mimi kuku? Kumbe ndo "dada" ya huku. Siku moja naanika nguo nyuma nimejifunga kanga ya korosho, akashika pindo akasema hii Paisley pattern, nikamwambia bibi hiyo korosho, tunazo Mtwara, tukabishana mpaka nguo zikanyeshewa. Ila ana haki yake, karne ya 19 mji huu walifuma mashali wakiiga ya Kashmir hadi ua lenyewe likachukua jina la mji. Wote tumekopa tu.

Na mliosoma sheria, ile kesi ya konokono kwenye chupa (mama alikuta konokono kwenye kinywaji chake akamshtaki mtengenezaji), 1928, ilianzia hapa hapa, mtaa wa Wellmeadow, mdogo wangu ndo kaniambia wakati mimi napita pale kila wiki kununua mboga.

Halafu kuna zamu ya kuosha ngazi, usiiruke, utakuta kadi ya kukukumbusha zamu imetundikwa mlangoni kwako na hakuna atakayekusemesha.

Nyumba naipa 2 kwa 5, mtaa 4. Mkataba unaisha Agosti, nahama, ila sitoki kwenye ngazi hii, naenda ghorofa ya kwanza mkabala na bibi. Ukuta wake nishaunusa.