Kozi ya Kifulani Ngaoundéré: nyota nne, ya tano imekwama kwenye Kifaransa

Nimemaliza wiki nane za kujifunza Kifulani (wenyewe wanasema Fulfulde) hapa Ngaoundéré, Kameruni, na kwa kuwa watu kibao wa makanisa ya nyumbani wananiuliza inboksi kama inafaa kwa mmisionari anayeanza, basi naandika mara moja nisirudierudie. Kituo sikitaji jina, ni vyumba viwili na mwembe, mwenyewe hapendi matangazo.

Kufika ni treni ya usiku kutoka Yaoundé, beba sweta maana huku ni juu. Wamisionari wa Norwei walifika hapa tangu 1925, kwahiyo mji hauwashangai watu wa Biblia.

Asubuhi ni masaa matatu darasani. Masaa 30 ya kwanza huruhusiwi kuongea, mwalimu anamwaga makorokoro mezani, ng'ombe wa plastiki, kikombe, kamba, kibuyu, yeye anataja wewe unagusa. Nagge, unagusa ng'ombe mmoja. Na'i, unawakusanya wote. Siku ya kwanza nilijiona mtoto wa chekechea mwenye mvi, siku ya nne akasema sentensi ndeefu na mkono wangu ukaenda wenyewe ukachukua kikombe ukakiweka nyuma ya ng'ombe, na ndo ilikuwa sahihi, yaani nilijishangaa mwenyewe. Hapo hela yangu niliiona.

Sasa shida. Makaratasi yote ni Kifaransa, yote, tena fotokopi za fotokopi. Nilipopiga simu kuuliza waliniambia Kiingereza kipo, kumbe Kiingereza anacho kijana wa mapokezi na yeye hafundishi. Bahati darasani kulikuwa na ndugu mmoja wa Bukavu, Kifaransa anacho na Kiswahili anacho, kile chao cha "niko naenda", ndo akawa mkalimani wangu, malipo yake chai na mandazi kila saa nne. Huyo nampa nyota tano peke yake.

Halafu sarufi wanaifundisha kama vile wanafunzi wote wametokea Paris. Wenzangu Wazungu wameshika vichwa eti nomino zina makundi zaidi ya 20 na kila kivumishi kifuate kundi lake, mi nimekaa pale nasema hizi si ngeli jamani? Ni ngeli, sema alama zao zinakaa mwishoni. Maji ni ndiyam, maziwa kosam, mafuta nebbam. Ona sasa, sisi maji maziwa mafuta, ma iko mbele, wao -am iko nyuma. Hakuna aliyenionyesha hilo, niligundua mwenyewe kitandani usiku nikataka kumwamsha mtu. Ng'ombe ana ngeli yake, nge, na humo humo wamo jua na moto, nikamuuliza mwalimu kwanini akacheka akasema ulitaka tumuweke na nani. Na maneno ya Kiarabu tumechota kisima kimoja: akili hakkiilo, dini diina, dunia duniyaru, kitabu deftere, hapo si daftari letu hilo?

Kinachotesa ni herufi ya mwanzo nayo kugeuka. Mfulani mmoja ni Pullo, wengi ni Fulbe, mwanaume gorko, wanaume worbe. Nilimwambia kijana wa watu kwa heshima zote kwamba wewe ni Fulbe, sawa na kumwambia mtu wewe ni Watanzania, walicheka mpaka mama yao akatoka jikoni. (Hiyo b ya Fulbe ina kindoano, unavuta hewa kidogo kwa ndani, simu yangu haina. Ni ile ile b ya baba tunayosema pwani, mi mtu wa Tanga haikunisumbua hata siku moja. B yao nyingine, ya kawaida, ndo ilinishinda.)

Mchana unapelekwa kwa familia, na kama wangekuwa wanauza mchana tu ningenunua mchana tu. Salamu kwanza, na kwa Mswahili hii ni kama kurudi nyumbani, umeamkaje, mwili je, nyumbani je, watoto je, ng'ombe je, na jibu ni jam, jam, jam koo dume, amani tupu. Wenzangu walikuwa wanaruka salamu waingie kwenye maswali ya daftarini, wakabaki na daftari zao. Kituo nakisifu kwa kutuonya mapema: mzazi hamtaji mtoto wake wa kwanza kwa jina, ni haya, semteende, usimlazimishe mbele za watu. Na usiulize idadi ya ng'ombe, ila hilo aliyekaa na Wamasai au Wasukuma hafundishwi.

Kingine, hawakuruhusu ujifiche. Siku ya kwanza mwalimu alinitambulisha kwa mzee wa nyumba, Mwislamu anayeswali swala zake zote tano, kwamba huyu ni mtu wa kanisa, kaja kujifunza lugha. Nikajua basi, mlango umefungwa. Mzee akauliza tu, kwenu mnafuga? Nikasema sina hata ndama. Kimya. Nadhani hilo la kutokuwa na ng'ombe lilimsikitisha kuliko dini yangu, tangu siku hiyo kila nikifika naletewa kosam kabla sijakaa, sijui walidhani nina njaa ya miaka.

Wiki ya sita ndama wao akaugua. Tulikaa zizini mpaka giza, mzee, wanawe wawili na mimi, hakuna anayeongea, ndama akafa. Maneno yote niliyokariri yalinitoka, likabaki moja, munyal, subira, ndo wanaloambiana mtu akipatwa. Nikasema munyal. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaniwekea mkono begani, akaenda kutawadha. Kesho yake darasani tulikuwa na zoezi la "kwenye soko", nikalifanya nusu tu.

Bei: mimi nililipa faranga za CFA laki tatu kwa wiki nane bila malazi, familia unaipelekea sukari na majani ya chai, pesa mkononi usimpe mzee utamtia aibu. Wiki nane hazitoshi hata robo, bado nikisikia wazee wenyewe kwa wenyewe nakamata neno moja kwenye matano. Awamu ya pili nimeshalipia, naanza mvua zikiisha. Ukienda omba mwalimu yule mtu mzima, yule mwalimu kijana anaharakisha, na kama Kifaransa huna wabane wakuandikie kabla hujalipa, maana yule wa Bukavu keshaondoka.