Altrasaundi ya nyongo: daktari safi, mapokezi aibu tupu

Kituo chenyewe sikitaji. Wa huku kwetu mtakijua wenyewe.

Nilikuwa nasumbuliwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, yanapanda hadi begani kila nikila chapati za mafuta au pilau ya shughulini. Nikaandikiwa altrasaundi ya tumbo. Nikapiga simu kuuliza nijiandae vipi. Jibu la mapokezi: "Njoo tu asubuhi, mama, uwahi foleni." Haya, nikanywa chai yangu ya maziwa na maandazi, nikapanda daladala, nikawahi.

Nimelala kitandani, jeli ya baridi tumboni, mpimaji anasogeza kile kidude huku amekunja uso. "Umekula?" Chai tu, nikamwambia. "Ya maziwa?" Akanitupia karatasi ya kujifutia, mlango uko wazi, akapaza sauti: "Watu wazima mnakuja mmeshiba, mnataka tuone nini? Amka, rudi siku nyingine!" Nje benchi limejaa, na mama mkwe wa jirani yangu yumo. Dada wa mapokezi, yuleyule wa kwenye simu maana sauti niliijua, akaniambia hela hairudi, "kipimo umeshapimwa". Kipimo gani? Majibu yako wapi?

Nilirudi kwa sababu maumivu yalizidi, si kwa mapenzi. Nimefunga tangu usiku, maji tu. Safari hii alinipima daktari kijana, na kabla ya lolote, "Shikamoo mama." Huyu ndiye aliyenifumbua macho.

Kumbe nyongo inatengenezwa na ini, halafu inawekwa akiba kwenye kifuko chake. Mafuta yakishafika utumbo mwembamba, chembe za ukuta wa utumbo zinamwaga kwenye damu homoni inayoitwa kolesistokinini. Hiyo ndiyo inayokiamuru kifuko kijikamue na mlango wa mfereji ulegee, nyongo ipite. Wakati huohuo inaliamsha kongosho litoe vimeng'enya, na tumbo linapunguza kasi ya kushusha chakula. Nyongo inayagawa mafuta kuwa matone madogo madogo, vimeng'enya vinayakatakata, ndipo utumbo unayafyonza. Sasa maziwa na maandazi yangu yalikuwa yameshatoa amri hiyo nikiwa bado kwenye daladala! Kifuko kilikuwa kimenywea kama puto lililotoka upepo, na mawe kwenye kifuko kilichonywea ni rahisi kuyakosa.

Jambo hili linajulikana tangu 1928, watafiti Ivy na Oldberg walipoigundua homoni hiyo kule Chicago, na mapokezi mpaka leo wanashindwa kumwambia mgonjwa "usile kwa saa sita hadi nane". Sentensi moja tu, jamani!

Daktari akanigeuzia skrini. Kifuko kimejaa, cheusi tii, na chini yake vijiwe vyeupe, kila kimoja na kivuli nyuma yake. Akaniambia nigeukie ubavu wa kushoto, nikaviona vinaporomoka. Akanieleza na zile chapati: homoni inakiminya kifuko, jiwe linaziba shingoni mwa kifuko, nyongo haipiti, ndiyo nabiringika usiku kucha. Miezi nimezunguka kwenye madirisha ya dawa nikiuziwa za vidonda vya tumbo, hakuna aliyewahi kunieleza hivyo.

Hapo nilishaamua nyota tano. Nikatoka, nikapita dirishani, risiti ya mwanzo mkononi. Nikatozwa upya, hela kamili. Yule dada hata hakuinua macho kwenye simu yake.

Basi nyota moja. Najua namwonea yule kijana, ambaye peke yake anastahili tano, na mashine yao inaonyesha vizuri, siwezi kusema uongo. Ukiwa na shida ya nyongo nenda, ila uliza zamu yake, na la kula au kutokula usimwulize mtu wa mapokezi. Hapana, acha niseme ukweli: kama kuna kituo kingine karibu nawe, nenda huko.

Madai yangu ya kurudishiwa hela yako "kwa meneja". Meneja mwenyewe kila nikipiga simu yuko kwenye kikao, tangu mwezi wa Ramadhani.